Rupia ya Mkaja Haikai Kwenye Plastiki

Wadogo zangu, naomba mniamkie kwanza. Najua nina miaka thelathini na moja, na najua wengine wenu tumepishana miaka saba tu, lakini mimi ni mstaafu, na mstaafu anaamkiwa. Haya. Marahaba.

Nimestaafu kazi ambayo watu wengi hawajui kama ipo. Nilikuwa fundi wa kutoa sarafu za kale kwenye makasha ya plastiki. Miaka tisa, Kariakoo, kwenye fremu ya duka nyembamba kiasi kwamba mteja akiingia na kikapu cha sokoni, mmoja wetu lazima atoke nje ampishe.

Iko hivi. Mtu mwenye sarafu ya zamani anaituma nje ya nchi kwa watu wa kupima. Wale wanaikagua, wanaipa alama kama mwalimu anavyosahihisha daftari, halafu wanaifungia ndani ya kasha la plastiki ngumu lenye lebo. Kasha halina skrubu wala kifuniko. Limeunganishwa likawa kitu kimoja, utadhani lilizaliwa na sarafu tumboni. Mimi ndiye nilikuwa mkunga wake.

Mtauliza, kama mtu kalipa ifungwe, kwa nini alipe tena ifunguliwe? Nami niliuliza. Wengine alama haijawaridhisha, wanataka ikapimwe upya. Wengine wanataka kuipanga kwenye albamu na wenzake. Baba mmoja, dereva wa lori, alisema tu, "Nataka kuishika." Huyo nilimpenda, nikampa na kiti.

Nilipoanza watu walisema: mtoto wa kike na plaizi, atapata mume kweli? Nilipoacha, watu walewale wakasema: mjinga huyu, kaacha kazi nzuri. Kwa hiyo msiwasikilize watu, kauli yao ni ileile, wanabadilisha maneno tu. Naandika haya mjue sikuacha kwa ujinga, na sijuti, hata siku ya mvua.

Aliyenifundisha ni Mzee Sefu. Alikuwa fundi saa. Simu zilipokuja, kila mtu akawa na saa mfukoni, Mzee akabaki na kioo chake cha jichoni na subira isiyo na kazi. Mimi nilikuwa kwenye kibaraza cha jirani, nabandika vioo vya simu. Kidato cha nne nilimaliza. Matokeo tusiyazungumze, yameshapumzika kwa amani. Siku moja Mzee akaniita.

"We binti, nyoosha vidole."

Nikanyoosha.

"Vyembamba. Vinatetemeka?"

"Havitetemeki, Mzee. Labda nikiwa na njaa."

"Basi utakuwa unakula kabla ya kazi." Hapo ndipo nilipoajiriwa. Sikuandika barua.

Sasa sikilizeni ufundi wenyewe, maana naona siku hizi mnafungua makasha kwa nyundo mkijirekodi video. Nyundo ni ya misumari. Chukua plaizi ya kukatia. Vingirisha kasha kwenye taulo, uache kona tu, maana kipande kikiruka kinatafuta jicho. Uma kona, moja moja, zote nne. Usiume katikati hata kidogo. Tega sikio: plastiki ikisema "ka!", sawa, endelea. Ikisema "kriii", acha hapohapo, umeshaanza kuingia kwenye mpira unaoizunguka sarafu. Kona zikishaachia, ingiza bisibisi bapa kwenye mshono, halafu izungushe taratibu kama unafungua mlango wa mtu aliyelala. Husukumi, unazungusha. Kasha litapasuka pande mbili. Sarafu usiidake. Iache ianguke juu ya kitambaa laini kilichokunjwa, kisha uishike kwa ukingo. Uso wake usiuguse. Mzee alikuwa akisema, "Kwani wewe mgeni akikushika usoni unafurahi?"

Mwishoni chukua mkasi ukate kona ya lebo mteja akiwa anaona. Hii wengi mnairuka. Kasha zuri na lebo nzima, vikiangukia mikononi mwa tapeli, kesho vinauziwa mtu vikiwa na sarafu ya bandia ndani. Kata kona, ibaki kumbukumbu tu.

Na kosa langu kubwa nawaambieni, nisije nikajifanya nilizaliwa najua. Ilikuwa wiki yangu ya pili. Nilifungua pesa ya shaba ya Unguja, ile ya enzi za masultani yenye picha ya mizani. Ikatoka safi, hata mkwaruzo haina. Nikaitazama. Nyeusi, mbaya, kama chini ya sufuria. Nikasema maskini, mwenyewe atakuja aikute hivi? Roho ikaniuma. Nikaenda kwa dada anayeuza juisi ya ukwaju pale kona, nikaomba makapi, nikarudi nikaisugua kama tunavyosugua masinia nyumbani kabla ya Idi. Ikawaka! Unaweza kujitazama ukapaka wanja.

Mzee Sefu aliporudi kutoka kuswali nikampokea na mikono yote miwili. "Mzee, ona!"

Akaona. Akatafuta pa kukaa, akakalia ndoo. Ndoo yenyewe ilikuwa na maji.

"Tatu," akaniita jina langu, maji yanamtiririka kwenye kanzu, "umemchuna ngozi."

Ndipo akanieleza kwamba ule weusi ni miaka mia na zaidi imelala pale, na wenye kukusanya sarafu wanaupenda kuliko mng'aro, na ukiutoa haurudi. Mteja alipokuja nilijificha nyuma ya pazia. Nikamsikia Mzee akisema, "Nimeharibu mimi. Mkono wangu." Mteja akafoka weee, mpaka wauza nguo wa upande wa pili wakasogea. Mzee hakunitaja. Nilitoka nyuma ya pazia kamasi zinanitoka, nikasema, "Ni mimi, kaka, siyo Mzee." Mteja akatutazama, mmoja kalowa chini, mmoja kalowa juu, akachukua pesa yake akaondoka.

Kesho yake Mzee aliandika ukutani kwa chaki: HATUSAFISHI. Neno lile lilikaa pale miaka tisa. Chaki ikififia, naipitia upya mwenyewe.

Sasa nifike kwa Bi Mwanahawa, maana ndiye aliyenistaafisha.

Alikuwa bibi wa mjini hasa, wa nyumba za zamani za Kariakoo zilizobaki chache, zimebanwa na maghorofa kama mtoto katikati ya watu wazima. Alikuja Alhamisi asubuhi, amejifunga khanga mbili, mkononi ana kifurushi cha leso.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Wewe ndiye unayetoa vitu vilivyofungwa?"

"Ndiyo mimi, Bibi. Karibu ukae."

"Sikai. Nikikaa kuinuka ni safari. Nitolee hii."

Akafungua leso. Ndani kuna kasha, ndani ya kasha kuna rupia ya fedha ya Mjerumani, yule mzungu mwenye masharubu na kofia ya chuma yenye ndege juu. Lebo haikuwa na alama ya namba. Iliandikwa kwa Kiingereza maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: Halisi. Imesafishwa. Ukingo una majeraha.

Kasha lile nilikuwa nimewahi kuliona mkononi mwa Bosi Jabiri. Bosi Jabiri alikuwa mteja wetu mkubwa kuliko wote. Na tena, wadogo zangu, ile fremu tuliyofanyia kazi ilikuwa yake. Na tena, ni mtoto wa kwanza wa Bi Mwanahawa.

"Bibi, hii si ya Bosi Jabiri?"

"Jabiri?" Akacheka. "Jabiri nilimzaa mimi. Hiyo haina mwenyewe. Mimi nimeshikishwa tu."

Akanieleza akiwa amesimama, ameshika meza. Rupia ile ni ya mkaja. Nyie watoto wa siku hizi mnajua mahari tu, lakini kwetu kuna na mkaja, heshima anayopelekewa mama wa bibi harusi na upande wa mume, kwa lile tumbo alilolifunga baada ya kumzaa binti yake. Rupia hii ilikuwa ikitembea kwa akina mama. Bi Mwanahawa aliipokea kwa Bi Aziza, wa upande wa mume, alipomwoza binti yake, na huyo Bi Aziza aliipokea kwa mwingine, na mwingine kwa mwingine, huko nyuma mpaka majina yanaisha. Ukiwa nayo unakaa nayo mpaka kijana wa kwenu aoe, unaitoa. Haikai. Sasa mjukuu wake, mtoto wa Jabiri, alikuwa anaoa Jumamosi, na mkaja ulitakiwa kupelekwa Ijumaa baada ya alasiri.

"Jabiri akaniomba akaitazamishe. Nikampa. Karudi nayo kwenye hili jeneza. Anasema hii ya mwaka adimu, tutoe nyingine, yeye anazo."

"Na nyingine haifai, Bibi?"

"Nyingine itafaa kununulia ndizi. Halafu niambie, hapa pameandikwa nini?"

Nikamsomea. Nilipofika kwenye "imesafishwa" akanikatisha.

"Wameandika kama kosa?"

"Kwao ni kosa, Bibi."

"Kumbe walitaka tukampe mama wa watu rupia chafu!" Akacheka mpaka akakaa, akasahau habari ya safari. "Kila harusi tunaisugua. Majivu na ukwaju. Na hayo majeraha ya ukingoni ni meno. Mama akipokea anaing'ata mbele ya wenzake, tusikie kama ni fedha kweli, ndipo tunapiga vigelegele. Sasa niambie, huyo mama ataling'ata hili liplastiki? Nimemwona, ana meno manne."

Mimi fundi najua fedha ile haibonyei kirahisi kwa meno ya binadamu. Lakini kuna vitu fundi anavijua na kinywa chake hakina haja ya kuvijua.

Mzee Sefu alikuwa kwenye kiti chake muda wote, anajifanya anatafuta skrubu. Nilipochukua plaizi akasema polepole, "Tatu. Ngoja Jabiri aje."

"Kwa nini, Mzee?"

"Unajua kwa nini."

Nilijua. Mzee alikuwa na miaka sabini na kitu, na ile fremu ndiyo ilikuwa nyumba yake ya mchana. Sikumlaumu, na hata nyie msimlaumu.

Hatukuhitaji kungoja. Bosi Jabiri aliingia anahema, msichana wa kazi wa nyumbani kwa Bibi alikuwa ameshampigia simu. Mtu mpole kwa kawaida, anapenda kunyoosha shati. Siku ile shati lilikuwa nje.

"Mama! Nimekuomba nini?"

"Umeniomba nikae kimya. Nimekaa jana kutwa. Leo nimechoka."

"Mama, sikiliza. Humu ndani iko salama. Ikitoka, nani atajua ni ya kweli? Lebo ndiyo ushahidi. Halafu ikishaenda kwa wale watu, ikapotea je? Wakaiuza je?"

"Wale watu? Jabiri, hao ndio wakwe wa mwanao. Unamtoa mtoto wako mzima kwao, hujaogopa watampoteza, unaogopea rupia?"

Nje watu walishaanza kukusanyika. Muuza mabegi wa jirani akadakia, "Bibi kaua!" Wakacheka. Bosi Jabiri akanigeukia mimi.

"Tatu, weka chini hiyo plaizi."

Wadogo zangu, nimekulia Jangwani. Maji ya mafuriko yakija usiulize kuna nini sandukuni. Sanduku linaelea linaondoka na vyake, na kinachobaki ni kile ulichokishika. Mama yangu alitoka na mdogo wangu kiunoni na picha moja ya marehemu baba mkononi. Vyeti, nguo, redio, vyote vilikuwa vimefungwa vizuri mahali salama. Mpaka leo sijui viko wapi. Kwa hiyo mtu akiniambia kitu kiko salama kwa kuwa kimefungwa, mimi namsikiliza kwa adabu, lakini siamini.

Nikamuuliza Bibi, "Nifungue?"

"Si nimekwambia tangu asubuhi?"

"Tatu!" akasema Bosi Jabiri. "Ukifungua, kwenye fremu yangu sikutaki tena. Umesikia?"

"Nimesikia, Bosi. Naomba usogee kidogo, unanikinga mwanga."

Sijui nilipata wapi mdomo ule. Nikatandika ile leso ya Bibi mezani, nikavingirisha taulo. Kona ya kwanza: ka! Ya pili: ka! Watu nje wakasogea mlangoni, hata muuza mabegi. Kona ya tatu ikasema "kri", nikaacha, jasho likanidondoka puani. Hapo nikahisi mtu kanisogelea begani. Mzee Sefu. Nikafikiri ananinyang'anya. Akavua kioo chake cha jichoni, kile alichokuwa hamwazimi mtu, akanivalisha.

"Umeelekea mkono wa kulia sana," akasema. "Rudi nyuma uzi mmoja."

Nikarudi nyuma uzi mmoja. Ka! Ya nne: ka! Bisibisi kwenye mshono, nikazungusha, mlango wa mtu aliyelala. Kasha likapasuka, rupia ikaanguka kwenye leso bila hata sauti.

Bi Mwanahawa akaichukua. Hakuishika kwa ukingo. Aliifumbata yote kiganjani, akafunga ngumi, na mimi miaka tisa ya mafunzo ikanipigia kelele kichwani, nikaiambia inyamaze.

Bosi Jabiri aliitazama ile ngumi ya mama yake. Halafu akasema, "Usije kesho," akaondoka. Siyo kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa anaipenda rupia ile, ila aliipenda ikiwa imekaa. Mimi nikakata kona ya lebo, nikavua aproni, nikaikunja. Nilipomrudishia Mzee Sefu kioo chake alinipa mkono, na mkono wake ndio uliokuwa unatetemeka.

"Umekula leo?" akaniuliza.

"Nimekula, Mzee."

"Nimeona."

Hicho ndicho cheti changu cha kustaafu. Sina kingine.

Bibi aliniambia niende naye Ijumaa, eti aliyeitoa ashuhudie. Kabla hatujatoka kwake akaniweka uani na bakuli la majivu na ukwaju. "Haya, mjukuu wangu. Isugue."

"Bibi, mimi tena?"

"Kwani mikono yako ina mimba?"

Nikaisugua. Wallahi nilikuwa nachungulia nyuma kama mwizi, nikitegemea Mzee Sefu atokee akalie ndoo. Ikaanza kuwaka taratibu, kwanza ndege wa kofia, halafu masharubu. Nikaona kwamba ile sura ya mzungu ilikuwa imelainika yote, pua karibu haipo, na haikulainishwa na uchafu wala na bahati mbaya. Ni mikono ya akina mama, harusi kwa harusi. Wapimaji walikuwa wameona kweli, ila hawakuwa na namba ya kuandika kitu kama hicho.

Mama wa bibi harusi alikuwa anauza vitafunio pale karibu na Mnazi Mmoja, mwanamke mnene mwenye haya. Bi Mwanahawa akamfumbua kiganja, akaweka rupia, akakifumba tena kwa mikono yake miwili.

"Si yako," akamwambia. "Umeshikishwa."

"Nimepokea," akasema yule mama, kwa sauti ndogo.

"Haya, ing'ate!" wakapiga kelele wanawake. "Ing'ate tusikie!"

Akacheka, akaziba mdomo kwa aibu ya meno, wakazidi kumtania, "Hayohayo manne yanatosha, shoga!" Akaing'ata. Sijui kama kulisikika chochote. Vigelegele vilipasuka kabla.

Siku hizi niko Mchikichini, nauza viatu vya mtumba. Nanunua vimechoka, navisafisha kwa mswaki na sabuni ya kipande, navipanga vinacheka. Nina mpango wa duka lenye kioo na taa. Mnacheka sasa, mtakuja kuomba niwapunguzie bei. Juu ya meza nimetundika kipande cha boksi, nimeandika kwa wino mwekundu maneno niliyoyatoa kwenye ile lebo: HALISI. IMESAFISHWA. Lebo yenyewe, iliyokatwa kona, nimeibandika pembeni. Kuhusu majeraha sikuandika. Ya viatu mteja anayaona mwenyewe.

Juzi Bosi Jabiri alipita. Shati limenyooka. Akasimama, akasoma boksi, akasoma lebo. Nikamwamkia. Akaitikia.

"Mke wa mwanangu kajifungua," akasema. "Wa kiume."

"Hongera sana, Babu Jabiri."

Akaokota kiatu ambacho wala si saizi yake, akakigeuzageuza. Halafu akasema, kama anayezungumza na kiatu, "Kwa hiyo akikua, akaoa, rupia ile itatoka tena kwa yule bibi yake mzaa mama."

"Itatoka."

"Mimi sitakuwepo."

"Hata mimi pengine, Bosi. Itakuta wengine."

Akanunua kile kiatu. Hakuomba nipunguze. Nikamfungia kwenye gazeti, akakataa gazeti, akaondoka amekishika mkononi.